Namna ya kutunza na kupata pesa yako ukisafiri nje: mwongozo kwa msafiri anayetoka Lubumbashi

Msafiri anayetoka Lubumbashi kwenda kununua bidhaa Dar es Salaam, Dubai au Guangzhou huogopa zaidi wezi wa ugenini, na hofu hiyo ina sababu zake. Hata hivyo, katika safari nilizofanya mwenyewe na katika zile nilizowasaidia ndugu na majirani kuziandaa, nimeona kwamba pesa nyingi hupotea au hukwama kwa sababu ya kosa lililofanyika hapa hapa mjini, siku chache kabla ya basi kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia: noti ambazo hazikukaguliwa, jina lililoandikwa nusu, laini ya simu iliyoachwa mezani nyumbani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu maandalizi, nami namwomba msomaji asiiruke ili akimbilie habari za njiani.

Hatua ya kwanza: gawanya pesa katika njia zisizotegemeana

Watu wengi husema wana njia tatu za kupata pesa wakiwa nje, yaani taslimu, kadi ya benki na simu. Lakini ikiwa kadi haifanyi kazi bila namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, na simu hiyo imekaa katika mkoba mmoja na noti, basi mwizi akichukua mkoba huo amechukua njia zote tatu kwa mara moja. Kipimo ninachokitumia ni swali moja, na ninalijibu kwa sauti kabla ya kufunga sanduku: nikipoteza mkoba huu leo jioni, kesho asubuhi nitakula kwa pesa ipi, na nitarudi nyumbani kwa pesa ipi?

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara mwenye mtaji wa dola 6,000. Sehemu kubwa, ile ya kumlipa mwuzaji, ibaki benki na ilipwe kwa uhamisho, kama mwuzaji ana akaunti ya kampuni. Taslimu itoshe chakula, malazi na usafiri wa siku zote za safari, pamoja na nauli ya kurudi, ambayo inafungwa peke yake na haiguswi hata bei ya nguo ikishuka namna gani. Kadi ziwe mbili, za benki mbili tofauti, moja ikikaa mwilini na nyingine ndani ya mzigo. Mwisho, achwe mtu mmoja wa kuaminika Lubumbashi, mume, dada au mtoto mkubwa, akiwa na akiba ya dola 300 au 500 na nakala ya pasipoti, ili aweze kutuma siku ile ile anapoombwa. Binafsi naona mtu huyu ana thamani kuliko kadi ya tatu.

Hatua ya pili: kagua kila noti kabla ya kuipokea

Sisi wa Lubumbashi tumezoea kuishi na dola na faranga kwa pamoja, na tunajua jinsi noti ya dola iliyopasuka hata kwa upana wa ukucha inavyokataliwa sokoni. Ukali huo utunze, kwa maana utakufaa safarini, lakini uuongezee mambo matatu.

Jambo la kwanza ni umri wa noti. Noti ya dola 100 ya muundo wa sasa, yenye utepe wa buluu, ilianza kutolewa tarehe 8 Oktoba 2013. Zile za zamani bado ni halali nchini Marekani, lakini maduka mengi ya kubadilishia fedha Afrika huzikataa au huzilipa kwa bei ya chini, na hakuna sababu ya kubishana nayo ukiwa umechoka na safari. Mwombe kambisti, yaani mbadilishaji fedha wa mtaani, au karani wa benki akupe noti zenye utepe, na uondoe nyingine kabla ya kuondoka kaunta.

Jambo la pili ni uhalisi. Utepe wa buluu haukuchapwa juu ya karatasi. Umefumwa ndani yake, na ukiinamisha noti, vikengele na tarakimu 100 vilivyomo huonekana vikitembea. Kengele iliyochorwa ndani ya picha ya chupa ya wino hubadilika rangi kutoka shaba kuwa kijani. Ukiinua noti mbele ya mwanga, utaona kivuli cha uso wa Benjamin Franklin upande wa kulia, sura ile ile iliyochapwa katikati. Hapa pana hila inayowanasa hata wazoefu: watapeli hufua noti halisi ya dola 5 hadi wino utoke, kisha huchapa 100 juu ya karatasi hiyo hiyo. Kwa kuwa karatasi ni ya kweli, kalamu ya kupimia noti huipitisha. Kivuli hakiwezi kubadilishwa, na ukikuta uso wa Abraham Lincoln ndani ya noti ya 100, irudishe mara moja.

Jambo la tatu ni ukubwa wa noti. Zambia na Tanzania, maduka mengi hulipa bei nzuri zaidi kwa noti za 50 na 100 kuliko kwa noti ndogo, kwa hiyo pesa ya kubadilisha ibebe kwa noti kubwa. Lakini weka pia chache za 5, 10 na 20 kwa ajili ya dharura za uwanja wa ndege. Faranga zibaki nyumbani isipokuwa za kufika mpakani na za kurudia kutoka mpakani. Ukishaingia ndani ya Zambia, kupata anayezinunua ni kazi, na Dubai usitarajie kumpata kabisa.

Hatua ya tatu: linganisha jina lako na pasipoti, herufi kwa herufi

Mkongo ana jina, ana postinomu, yaani jina linalofuata lile la kwanza, ana jina la ubatizo, na nyumbani huenda anaitwa kwa jina la nne. Mambo haya ni ya kawaida kwetu, lakini karani wa ofisi ya kupokelea pesa huko nje anatazama vitu viwili tu, jina lililoandikwa na mtumaji na jina lililo kwenye pasipoti. Mara moja nikiwa Dar es Salaam dada yangu alinitumia dola 200 akiandika jina la ubatizo na jina la nyumbani, na nilikaa siku mbili bila kuzipata hadi aliporudi dirishani Lubumbashi kusahihisha. Pesa ilikuwa salama, ila mimi nilikula kwa mkopo wa mwenye nyumba ya wageni, jambo ambalo halimpendezi mtu mzima.

Kwa hiyo mwandikie mtu wako wa nyumbani jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule, na kadi yako ya benki iwe na majina yanayolingana nalo. Anayetuma kwa Western Union hupewa namba ya muamala yenye tarakimu 10. Namba hiyo haisomwi kwa sauti sokoni, wala haipigwi picha na kuwekwa kwenye kundi la familia, bali hutumwa kwa mpokeaji peke yake.

Hatua ya nne: zungumza na benki na mtandao wa simu kabla ya kuondoka

Hili ndilo jambo lililonigharimu kuliko yote. Nilikuwa Guangzhou, saa tatu asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya mashine, nayo kadi ikakataa. Benki yangu ilikuwa imeona muamala unatoka China na kuuzuia, kama inavyopaswa kufanya ikiwa haikuarifiwa. Guangzhou iko mbele ya Lubumbashi kwa saa sita, kwa hiyo nyumbani ilikuwa saa tisa usiku na hapakuwa na mtu wa kunijibu hadi saa nane mchana ya kule. Nilipompata karani, akanitumia namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya Kongo, nayo laini hiyo nilikuwa nimeiacha katika simu ya pili, nyumbani.

Fanya hivi, basi. Nenda benki walau wiki moja kabla, utaje nchi zote utakazopita, hata zile za kubadilishia ndege, pamoja na tarehe. Uliza kiasi cha juu unachoweza kutoa kwa siku na kulipa dukani kwa siku, kwa maana ni viwango viwili tofauti, na cha kutoa mara nyingi ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Uliza ada ya kila mara unapotoa pesa nje. Chukua namba ya simu ya benki inayopigika kutoka ng'ambo, uiandike kwenye karatasi na si kwenye simu tu. Kisha nenda kwa mtandao wako wa simu, uwashe huduma ya kutumia laini nje ya nchi, na usafiri na laini hiyo ikiwa hai, hata kama kwa maongezi utanunua laini ya huko.

Kuhusu pesa ya simu, jina lisikudanganye. M-Pesa ipo Kongo na ipo Tanzania, lakini wakala wa Kariakoo hawezi kukutolea salio la akaunti uliyoifungua Lubumbashi kama afanyavyo wakala wa Kenya au Katuba, mitaa ya hapa kwetu Lubumbashi. Mtandao wako ukiruhusu kutuma kwenda nchi unayokwenda, jaribu kwanza kwa kiasi kidogo, kwa mtu unayemjua huko, ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya tano: tamka pesa mpakani

Kasumbalesa iko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka mjini, na huko ndiko wengi hufanya kosa la kuficha pesa ambayo ni halali yao. Zambia inataka mtu anayebeba zaidi ya dola 5,000, au thamani yake, aitangaze kwa forodha. Tanzania kiwango ni dola 10,000. China inataka tamko kwa fedha za kigeni zinazozidi dola 5,000, na Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai, kwa kiasi kinachofikia dirhamu 60,000. Upande wa Kongo, ushauri wangu ni kutokaribia kabisa dola 10,000 za taslimu, na kuwauliza benki na forodha mapema ikiwa biashara yako inahitaji kiasi hicho.

Kutangaza si kulipa ushuru. Unajaza karatasi, inapigwa mhuri, nawe unaitunza pamoja na pasipoti, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha wakati wa kutoka kwamba pesa ile uliingia nayo. Anayekamatwa na pesa asiyoitangaza anaweza kunyang'anywa yote, na wakati huo maelezo kwamba ni akiba ya likelemba, yaani mchango wa zamu, ya mwaka mzima hayamsaidii. Mtu akikuambia mpakani kwamba tamko linaweza kuachwa ukimpa kitu kidogo, jua kwamba sasa anajua pia una pesa.

Hatua ya sita: badilisha kidogo, mahali penye risiti

Anayekwenda Dar es Salaam kwa basi hupita Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, kisha Nakonde na Tunduma mpakani mwa Zambia na Tanzania, na njiani hukutana na kwacha ya Zambia kabla ya shilingi. Badilisha kwacha za chakula na maji za siku hizo tu. Ukibadilisha nyingi, itabidi uzigeuze tena Tunduma, na kila kugeuza kunakula sehemu ya mtaji wako.

Noti za kwacha zinataka macho zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu, hivyo noti yenye maelfu juu yake ni karatasi tu, na bado kuna wageni wanaopewa noti kama hizo jioni penye giza. Tena, tarehe 31 Machi 2025 zilitolewa noti mpya, zikiwemo za 200 na 500 ambazo hazikuwapo, na zile za mfululizo wa 2012 zikapewa mwaka mmoja wa kutumika pamoja nazo. Usipokee mkononi mwa mbadilishaji wa barabarani noti usiyoifahamu. Na ukilazimika kubadilisha barabarani, hesabu mwenyewe pesa yake hadi mwisho kabla ya kutoa yako, na akiichukua tena "ahakikishe", anza kuhesabu upya, kwa maana ni katika kuichukua tena ndipo noti hupungua.

Tanzania, tangu mwishoni mwa Machi 2025, kanuni zinakataza kudai au kulipa kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi. Hii ni habari kubwa kwetu tuliozoea kutoa dola kila mahali. Mwenye duka Kariakoo akikutajia bei kwa dola anajiweka hatarini na anakuweka hatarini wewe pia. Badilisha kwenye benki au duka lenye leseni, chukua risiti, ulipe kwa shilingi.

Dubai kuna nafuu moja: thamani ya dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola 1 kwa dirhamu 3.6725. Kwa kuwa namba hii haipandi wala haishuki, unaweza kumpima kila mbadilishaji nayo. Akikupa 3.65 hivi, mshukuru. Akikupa 3.50, kwa kila dola 1,000 amekata zaidi ya dirhamu 170, na milango ya jirani iko wazi.

Hatua ya saba: tumia kadi kwa uangalifu

Chagua mashine iliyo ndani ya benki, saa za kazi, ili kadi ikimezwa uwe na mlango wa kugonga. Funika vidole unapobonyeza namba ya siri, na usikubali msaada wa mtu aliye nyuma yako hata akizungumza Kiswahili cha kwenu. Kwa kuwa ada nyingi hutozwa kwa kila mara, ni afadhali kutoa kiasi cha siku tatu kwa mara moja kuliko kutoa kidogo kila siku.

Mashine au muuzaji anaweza kukuuliza kama unataka kutozwa kwa dola au kwa pesa ya pale. Chagua pesa ya pale, daima. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hupanga kwa faida yake. Bidhaa ya dirhamu 1,000 Deira, mtaa wa Dubai, ni dola 272 na senti chache; mashine ikikuonyesha dola 285, ile tofauti ni bei ya swali ulilolijibu vibaya. Muuzaji akichagua kwa niaba yako, mwombe afute na kuanza upya kabla hujaweka namba ya siri.

Hatua ya nane: kwa anayekwenda China

Huko watu hulipa kwa simu, na muuzaji wa matunda anaweza kukosa chenji ya noti. Programu za Alipay na WeChat zinakubali kadi za kigeni za Visa na Mastercard, lakini zinataka pasipoti na uthibitisho wa kadi, kwa hiyo zisajili ukiwa Lubumbashi, ambapo laini yako inapokea ujumbe bila shida. Malipo yasiyozidi yuani 200 kwa kadi ya kigeni hayatozwi ada. Yanayozidi hapo hutozwa asilimia 3. WhatsApp imezuiwa kule, basi kubaliana na mtu wako wa nyumbani njia nyingine ya kuwasiliana, msije mkatafutana wakati wa shida.

Kubadilisha dola kwa watu wa mitaani, hata eneo la Xiaobei mjini Guangzhou ambako Waafrika wengi hukutana, ni kinyume cha sheria, na hatari yake haiishii kwa noti bandia. Mbadilishaji akituma yuani moja kwa moja kwa kiwanda chako kutoka akaunti usiyoijua, na ikiwa pesa hiyo ilitokana na utapeli, polisi hufunga akaunti ya kiwanda, nacho kiwanda hushikilia mzigo wako. Badilisha benki kwa pasipoti, utunze risiti, kwa maana utaihitaji kugeuza yuani zilizobaki kuwa dola.

Unapolipa kiwanda kwa benki, linganisha jina la akaunti na jina la kampuni lililo kwenye ankara. Barua pepe ikija ghafla ikisema akaunti imebadilika, usiijibu barua hiyo. Mpigie mwuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, umsikie mwenyewe. Wapo wafanyabiashara waliopoteza malipo ya kontena nzima kwa kukosa kupiga simu ya dakika mbili.

Hatua ya tisa: pesa ikipotea

Fuata mpangilio huu: kwanza piga simu benki kufunga kadi, kisha mtandao wa simu kufunga laini, kisha mwambie mtu wa nyumbani, kisha nenda polisi uchukue karatasi ya taarifa. Watu wengi huanza na polisi, na katika saa mbili za kusubiri pale, mwizi anaendelea kununua kwa kadi. Pasipoti ikiwa imepotea pia, karatasi ya polisi na nakala uliyoiacha nyumbani ndizo ubalozi wetu utakazoziomba kwanza.

Hatua ya kumi: ukirudi

Geuza fedha za kigeni zilizobaki kabla ya kuondoka katika nchi yake, ukiacha kwacha za njiani. Ukifika Lubumbashi, rudisha viwango vya kadi vilivyokuwa vimepandishwa, badilisha namba ya siri, na uombe benki orodha ya miamala ya safari nzima. Iweke kando ya risiti zako, upitie mstari kwa mstari, na urudie tena baada ya mwezi mmoja, kwa sababu muamala wa ng'ambo unaweza kuchelewa kuonekana, na kadi iliyonakiliwa Dubai huweza kutumiwa wiki kadhaa baada ya wewe kurudi dukani kwako. Ukikuta muamala usioutambua, andika barua ya malalamiko siku hiyo hiyo, uambatanishe kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka, uchukue nakala yenye mhuri wa mapokezi ya benki.